Mjitoleaji afundishwe kabla ya kukabidhiwa kitambaa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumzie kazi ya kujitolea kwenye makumbusho ya ndege za kivita. Anayeingia hanga (jumba la kuwekea ndege) la makumbusho kama mgeni hutoka na kumbukumbu za ukubwa: bawa lililompita juu ya kichwa, gurudumu lililomfika kifuani, harufu ya mafuta ya zamani na mpira uliokauka. Hutoka pia akiamini kwamba ndege ile imestaafu, na kwamba kazi iliyobaki ni kuipangusa vumbi. Imani hiyo huwaleta wajitoleaji wengi, na imani hiyohiyo huziumiza ndege. Ndege iliyosimama huharibika kwa njia ambazo ndege inayoruka haizijui, na sehemu kubwa ya uharibifu ambao mafundi huhangaika nao imefanywa na mikono yenye nia njema. Ombi letu ni kwamba mjitoleaji afundishwe kile anachokwenda kukigusa kabla hajakabidhiwa kitambaa.

Chukua ngozi ya ndege. Nyingi za Vita vya Pili vya Dunia na baada yake zimevikwa mabati ya aloi ya alumini yenye shaba ya kiasi cha asilimia 4. Shaba ndiyo inayoipa aloi nguvu, na shaba hiyohiyo huifanya iliwe upesi na unyevu na chumvi. Kwa sababu hiyo kiwanda hulifunika bati kwa utando wa alumini safi pande zote mbili. Katika bati la unene wa milimita 1, utando huo ni kama asilimia 5 kila upande, yaani milimita 0.05, wembamba kuliko karatasi ya daftari. Sasa mpe mtu mwenye bidii kopo la dawa ya kung'arisha na mashine ya kuzungusha sufi. Jioni ndege itametameta kama kioo na wageni watapiga picha. Baada ya kung'arishwa hivyo mara kadhaa, utando umekwisha, aloi yenye shaba iko wazi, na vishimo vyeusi vinaanza kuchimbika ambavyo hakuna dawa itakayovifuta. Ndege iliyofifia kidogo ina afya kuliko inayong'aa.

Steliwulu ya jikoni isikaribie alumini kabisa. Huacha chembe za chuma zilizojichomeka kwenye bati, na kila chembe, ikipata unyevu, huwa chanzo cha ulikaji. Shida ni ileile pale bolti ya chuma inapopita kwenye alumini bila kitu cha kutenganisha. Metali mbili tofauti zikikutanishwa na maji hufanya kazi kama betri ndogo, na iliyo dhaifu ndiyo inayoliwa. Magurudumu na maboksi ya gia yaliyotengenezwa kwa magnesiamu ni dhaifu zaidi. Ukiona unga mweupe unafura kwenye kitovu cha gurudumu, usiukwangue ili uone kuna nini chini yake. Piga picha, andika mahali na tarehe, umwite msimamizi. Kwenye mihimili minene ya bawa ulikaji huingia katikati ya madini yenyewe, na mhimili hufura na kuachana tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Dalili ya kwanza huwa ni mstari wa ribiti, yaani vipini vya metali vinavyoshikanisha mabati, usionyooka tena, kwa hiyo mjitoleaji mwenye tochi, anayeiangalia ndege kwa kuimulika kwa mshazari, ana faida kuliko mwenye ndoo.

Kuhusu vumbi, njia salama ni brashi laini mkono mmoja na bomba la mashine ya kufyonza mkono mwingine, kutoka juu kwenda chini, brashi ikilisukuma vumbi kuelekea kwenye bomba. Kitambaa kikavu hulisugua vumbi kwenye rangi kama msasa. Kinyesi cha ndege wa angani hulainishwa kwanza kwa kitambaa kilicholowa maji safi, kikaachwa dakika chache, kisha kikainuliwa. Hakikwanguliwi.

Ndege zinazokaa nje zina adui mkubwa kuliko mvua, naye ni maji yaliyokosa njia ya kutoka. Waliounda ndege walitoboa matundu madogo chini ya kiwiliwili na kwenye kingo za nyuma za mabawa ili maji yatoke. Mjitoleaji anayepaka rangi huyaona kama kasoro na kuyaziba, au huziba kila uwazi kwa mkanda wa gundi ili wadudu wasiingie. Miezi inapita, maji yanasimama juu ya mihimili ndani ya tumbo, na kwa nje hakuna anayejua. Kazi yenye manufaa kuliko kuosha ni kupita na waya laini wa plastiki kuzibua matundu hayo, kuondoa majani na viota kwenye sehemu za magurudumu, kisha kufunika midomo ya injini kwa wavu unaopitisha hewa. Turubai la plastiki lililofungwa kabisa ni kosa jingine. Usiku unapopoa, unyevu hugeuka matone ndani yake, na ndege hulowa bila mvua. Ndani ya hanga lengo la kawaida ni unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50, usiopandapanda na kushuka. Kwa ndege za mbao kubadilikabadilika huko ndiko hatari hasa. Ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo Mosquito, ile ya kwanza kabisa yenye namba W4050, iliyoruka tarehe 25 Novemba 1940 na sasa inatunzwa kwenye makumbusho ya de Havilland karibu na London, ni mbao za birch na balsa zilizoshikwa kwa gundi. Mbao hufura na kusinyaa, gundi haifuati, na kiungo huachana taratibu mahali usipopaona.

Vioo vingi vya chumba cha rubani havina kioo ndani yake. Ni akriliki, aina ya plastiki angavu, na dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia huijaza nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Petroli, asetoni na tina hufanya vibaya zaidi. Mwagia maji safi mengi, pitisha kiganja kitupu kilichovuliwa pete ili usikie chembe za mchanga kwa ngozi, kisha sabuni laini na kitambaa safi cha pamba, mistari iliyonyooka bila kuzungusha. Mikwaruzo ya duara hunasa mwanga kutoka pande zote na huonekana kutoka mlangoni.

Atakayefika kwenye meza ya mafundi atakutana na ribiti, na hapa vipimo ni sheria. Ribiti ya kipenyo cha milimita 3.2 huhitaji tundu la kama milimita 3.3. Mguu wake utokeze upande wa pili mara moja na nusu ya kipenyo, yaani milimita 4.8. Ikishagongwa, kichwa kipya kiwe na upana wa milimita 4.8 na kimo cha milimita 1.6. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati pawe na angalau vipenyo viwili, na kutoka ribiti moja hadi nyingine visipungue vitatu. Kuitoa ya zamani ndiko kunakoharibu mabati mengi. Weka alama katikati ya kichwa kwa patasi ya ncha, toboa kichwa peke yake kwa keekee isiyozidi kipenyo cha mguu, kivunje kwa pini, kisha sukuma mguu utoke huku mwenzako ameegemeza kipande kizito cha mbao kwa nyuma. Asiyeegemeza hulibonyeza bati, na anayeharakisha keekee hulifanya tundu kuwa yai. Tundu lenye umbo la yai hudai ribiti kubwa zaidi, na ukingo ukiwa karibu hiyo kubwa haipo tena. Jifunze kwenye vipande vya takataka mpaka ribiti 20 mfululizo zikubaliwe na fundi. Ribiti iliyolegea hujionyesha yenyewe kwa michirizi myeusi inayoelekea nyuma. Msiifute kabla haijaandikwa daftarini.

Sasa tuje kwenye yanayoua. Makumbusho mengi huyataja kwa sentensi mbili siku ya kwanza, na sentensi mbili hazitoshi.

Saa na vipimo vya zamani vilivyokuwa vikiwaka gizani vilipakwa rangi yenye radiamu, metali ya mionzi. Watu huzima taa, wakiona kipimo hakiwaki husema kimekwisha nguvu. Kilichokufa ni fuwele za zinki salfaidi zilizokuwa zikitoa mwanga. Radiamu yenyewe hupungua nusu baada ya miaka 1,600, kwa hiyo ile iliyopakwa mwaka 1940 ipo karibu yote. Kipimo ambacho kioo chake ni kizima hakifunguliwi. Chenye kioo kilichovunjika huingizwa kwenye mfuko, hutiwa lebo, na hukabidhiwa kwa anayehusika na mionzi. Ghala lake lipitishe hewa, kwa sababu radiamu hutoa gesi ya redoni, ambayo nayo ina mionzi. Asiyetumwa huko asiingie, na aliyeingia asile wala kunywa kabla ya kunawa.

Rangi ya msingi ya kijani au njano iliyo ndani ya kiwiliwili mara nyingi ina kromati, na vumbi lake huleta saratani. Msasa mkavu hapo ni marufuku. Ni msasa wa maji, glavu, barakoa ya kichujio kinachofaa, na maji machafu hukusanywa, hayamwagwi mtaroni. Bolti zenye rangi ya dhahabu iliyofifia huenda zimepakwa kadimiamu, metali yenye sumu, ambayo nayo haisagwi kwa tupa wala haipashwi moto. Asbesto huweza kuwa kwenye breki, gasketi na ukuta wa kuzuia moto nyuma ya injini. Tangi tupu la mafuta ni hatari kuliko lililojaa, kwani mvuke uliobaki humo ndio unaolipuka. Ndege ya F-16 ilibeba tangi la haidrazini, kemikali yenye sumu kali, ya asilimia 70 kwa ajili ya mtambo wake wa umeme wa dharura, na makumbusho yanayoipokea lazima yawe na karatasi inayothibitisha kwamba tangi hilo limetolewa.

Kiti cha kumtoa rubani kwa dharura ndicho tungependa kila msomaji akikumbuke. Ni bunduki yenye mtu juu yake. Pini zenye vitambaa vyekundu huzuia tu kisifyatuke kwa bahati mbaya. Hazikifanyi kuwa salama kwa watoto kukalia. Salama maana yake ni kwamba baruti zote na roketi ya chini zimetolewa na mtaalamu aliyeidhinishwa, na cheti kipo. Hata baada ya hapo inua macho. Katika ndege kama Harrier na Hawk kuna waya mnene unaopita kwa kona kona kwenye akriliki juu ya kichwa cha rubani. Ni kamba ya mlipuko ya kuvunja kuba, na ina kibali chake tofauti na cha kiti. Vizima moto vya injini navyo vina vifyatulio vyake. Mpini wowote wenye mistari ya njano na nyeusi hauvutwi, hauzungushwi, wala hautumiwi kujishikilia unapopanda.

Propela nayo ihesabiwe kuwa hai siku zote. Magneto, kifaa kinachoipa injini cheche, haitegemei betri. Hujitengenezea umeme kwa kuzungushwa. Swichi ikizimwa, kinachofanyika ni kuiunganisha magneto na bodi ya ndege ili cheche isifike kwenye plagi. Waya huo ukikatika, swichi itaonyesha imezimwa huku injini ikiwa tayari kuwaka. Kwenye injini za duara, ambazo silinda zake zimepangwa kama miale ya nyota, kuna jambo la ziada: oili huteremka na kujaa silinda za chini. Wanaoziwasha huzungusha propela kwa mkono kwanza, swichi zikiwa zimezimwa, na ikigoma hawalazimishi wala hawairudishi nyuma, bali hufungua plagi za silinda za chini oili imwagike. Aliyelazimisha amepinda fimbo ya pistoni, na huenda isivunjike siku hiyo. Ikavunjika siku nyingine.

Ndege inaposogezwa, awepo kiongozi mmoja tu, na wote wawe na filimbi: mtu kwenye kila ncha ya bawa, mmoja mkiani, na wabeba kabari kando ya magurudumu. Kabari ndiyo breki, kwa kuwa mfumo wa haidroliki wa ndege ya makumbusho kwa kawaida hauna shinikizo. Mwendo ni wa mtu anayetembea, na filimbi ya yeyote husimamisha wote. Ajali nyingi hutokea kwenye kona: bawa lililopinda kwenda nyuma hufagia eneo pana kuliko macho yanavyokadiria, na ncha yake husogea nje kuelekea nguzo uliyodhani umeshaipita. Kwa gurudumu lenye upepo, simama mbele au nyuma yake, kamwe si ubavuni, maana rimu ya vipande viwili iliyoliwa na kutu hupasuka kuelekea ubavuni. Ndege inayokaa miaka mingi mahali pamoja huinuliwa kwa stendi kwenye sehemu zake maalumu za jeki, matairi yabaki yamegusa sakafu bila kubeba uzito.

Kuna mali nyingine iliyo rahisi kufutwa, nayo ni alama. Ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, B-17F iitwayo Memphis Belle, ambayo wafanyakazi wake walimaliza safari yao ya 25 ya vita tarehe 17 Mei 1943, ilikaa nje mjini Memphis kwa miaka mingi, ikanyeshewa na kunyofolewa vipande. Ilihamishiwa makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani huko Dayton mwaka 2005 na kuonyeshwa upya tarehe 17 Mei 2018. Mafundi walikuta kwenye mabati majina yaliyochorwa na wananchi walioitembelea ilipozungushwa Marekani mwaka 1943 kuchangisha fedha za vita. Fikiria mjitoleaji mwenye msasa angefika kabla yao. Kwa hiyo rangi ya zamani haiondolewi mpaka ipigwe picha pamoja na rula na kadi ya rangi, ifunuliwe tabaka kwa tabaka kwenye eneo dogo kama sarafu, na kipande cha asili kiachwe bila kuguswa mahali fulani. Namba zilizopigwa muhuri ndani ya vifuniko hunakiliwa. Kila skrubu huingia mfuko wake wenye jina la kifuniko na nafasi yake, kwani mbili zinazofanana hupishana kwa urefu, na ndefu kupita kiasi hutoboa bomba lililo nyuma.

Subira ya kazi hii inaonekana kwenye Dornier Do 17, ndege ya Ujerumani ya kudondosha mabomu, iliyoangukia baharini Agosti 1940, ikainuliwa kutoka Goodwin Sands, mafungu ya mchanga karibu na pwani ya Uingereza, tarehe 10 Juni 2013. Ilipelekwa makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza huko Cosford, ikawekwa ndani ya mahandaki ya plastiki na kunyunyiziwa maji yenye asidi ya sitriki, ile ya kwenye limau, ili kuondoa chumvi na uchafu wa bahari. Alumini iliyotoka maji ya chumvi ikiachwa ikauke tu, kloraidi ya chumvi iliyomo huendelea kuila ikiwa hewani. Wajitoleaji wa kazi kama hiyo hukaa miezi wakiangalia pampu, wakisafisha vichujio na kuandika vipimo vya maji. Hakuna picha nzuri ya kuonyesha nyumbani, na ndege bila wao ingekuwa unga.

Wageni nao wana sehemu yao. Anayeruhusiwa kuketi kwenye chumba cha rubani avue saa, pete na mkanda wenye bizimu, atoe kalamu mfukoni, akanyage tu palipoandikwa pa kukanyaga. Anayeleta vitu vya marehemu babu au mjomba aliyekuwa jeshini alete pamoja na maelezo: nani, kikosi gani, picha ilipigwa wapi. Aandike kwa penseli nyuma ya picha, si kwa kalamu ya wino, wala asiipige lamineti, maana plastiki ile haibanduki tena. Lakini risasi au kombora lililohifadhiwa kabatini lisibebwe kwenye gari kuletwa makumbusho. Liachwe lilipo, watu wasogezwe, na polisi waitwe.

Wazee waliohudumia ndege hizi wahojiwe wakiwa wamesimama kando yake na wakiruhusiwa kunyoosha mkono. Ukimuuliza fundi wa zamani mezani, atakupa majibu ya jumla. Mbele ya kifuniko cha injini mkono wake utakumbuka skrubu ipi ilikuwa ikigoma na spana ipi waliikata ili ifike. Kinasa sauti kiwashwe kabla hajafika kwenye ndege, kwa sababu maneno bora husemwa njiani.

Kwa makumbusho yanayotangaza nafasi za kujitolea katika gazeti lako, tunapendekeza tangazo liseme mambo manne: nani atamsimamia mgeni huyu wa kazi, atafundishwa nini kabla ya kugusa ndege, vifaa gani vya kujikinga atapewa, na orodha ya sumu na milipuko ya kila ndege iko wapi ili aisome. Na anayeomba nafasi aulize hayo manne hata kama tangazo limenyamaza. Akijibiwa kwamba atayajua mbele ya safari, aombe kwanza kazi ya kupokea wageni au ya maktaba mpaka orodha hiyo iandikwe.

Ni sisi,
Wajitoleaji wa utunzaji wa ndege za kale